Meza ya Fundi: Pantoni ya Msangamkuu ndani ya simu

Barua nyingi za mwezi huu ni zile zile: betri imevimba, chaji haiingii, mtoto kakalia kioo. Hizo zitasubiri toleo lijalo. Kuna moja ya Mikindani iliyonikalisha na simu tatu mezani hadi saa nne usiku, mke wangu akapiga kuuliza kama nimehamia dukani. Naipa nafasi karibu yote, na mbili fupi nitaziweka mwishoni.

*Shikamoo Fundi. Mimi ni wakala wa fedha za simu hapa Mikindani, nina miaka 24. Jioni nikishafunga kibanda natengeneza gemu kwenye laptopu ya mtumba. Natumia Godot, programu ya kutengenezea gemu, kwa sababu ni ya bure. Gemu yenyewe inaitwa Pantoni. Wewe ndiye mpanga mizigo wa pantoni ya Msangamkuu: wanakuja abiria, bodaboda, magunia ya korosho, ndoo za samaki na mbuzi, na unatakiwa uwapange ili chombo kisilale upande kabla ya kufika ng'ambo. Sauti ya mbuzi ni ya mbuzi wa bibi yangu, nilimrekodi mwenyewe.*

*Sitaki kuiuza. Nataka wadogo zangu, wana wa kijiweni na binamu zangu wa Newala waicheze, basi. Niliambiwa niiweke Play Store, nikakuta wanataka dola 25. Kwa Apple nikaambiwa dola 99 kila mwaka, nikacheka peke yangu. Nikaamua kutuma kwa WhatsApp. Simu nyingine zimeikubali, nyingine zinasema programu haikusakinishwa. Cha ajabu, wawili kati ya waliokataliwa walikuwa na toleo la kwanza na walilicheza vizuri tu. Halafu mjomba wangu wa Dar ana iPhone, ameshaniuliza mara tatu gemu iko wapi. Na mama mmoja jirani kamkataza mwanawe asiiguse, anasema mafaili ya namna hii ndiyo yanayoiba hela kwenye simu. Fundi, nifanyeje? Lazima nilipe?*

*Nahodha wa Kibandani, Mikindani*

Marahaba, Nahodha. Hulipi.

Dola 25 za Google, kwa hela yetu elfu sitini na ushei, zinalipwa mara moja tu. Dola 99 za Apple zinalipwa kila mwaka, na mwaka usipolipa gemu yako inashushwa dukani. Zote mbili ni kodi ya kibanda sokoni. Mtu akitaka kumpelekea binamu yake maembe ya shambani hakodi kibanda soko kuu. Anafunga kwenye kiroba, anampa dereva wa basi la Newala, anapiga simu kwamba mzigo unakuja. Kwenye Android njia hiyo ya dereva wa basi imekuwepo tangu mwanzo, tena haina siri.

Na hata ungelipa, usidhani ungekuwa umemaliza. Akaunti za watu binafsi zilizofunguliwa kuanzia katikati ya Novemba 2023 haziruhusiwi kutoa programu kwa umma mpaka programu hiyo ijaribiwe na watu kadhaa kwa siku 14 mfululizo. Mwanzoni walitaka watu 20, mwishoni mwa 2024 wakashusha hadi 12. Ni watu 12 wanaojiunga na jaribio kwa akaunti zao za Google na wasiojitoa njiani. Vijiwe navifahamu. Siku ya tano mmoja kauza simu, mwingine kaenda kuvua, wa tatu kaifuta gemu apate nafasi ya video za harusi.

Sasa tuje kwenye simu zilizokataa. Nilikuomba unitumie faili, likaja, MB 31. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kulibadilisha jina, mwisho wake .apk nikauandika .zip, kisha nikalifungua kama mzigo mwingine wowote. APK, yaani faili la kusakinishia programu ya Android, ni zipu tu (mafaili mengi yaliyofungwa pamoja) yenye mpangilio wake. Ndani nikaenda kwenye folda ya lib, nikakuta folda moja imekaa peke yake: arm64-v8a.

Hapo ndipo penye ugonjwa wa kwanza. Folda hiyo ni ya simu za biti 64. Simu za biti 32 zinatafuta folda yenye jina armeabi-v7a, na zisipoiona zinagoma. Mtaani kwetu simu hizo bado ni nyingi kuliko watu wanavyofikiri, hasa zile za bei nafuu zenye RAM ya GB 1 au 2. Nyingine prosesa yake ni ya biti 64 kabisa, lakini kiwandani waliiwekea Android ya biti 32 ili isilemewe. Mwenye simu hawezi kujua kwa kuitazama. Nina moja hapa kwenye droo, mteja aliiacha tangu mwaka juzi hakurudi. Nikaipa faili lako, ikakataa palepale.

Dawa yake iko kwenye laptopu yako. Fungua dirisha la Export la Godot, upande wa Android, utaona visanduku vya aina za prosesa. Kilichowekwa tiki ni arm64-v8a peke yake, ndivyo Godot 4 inavyokuja. Weka tiki na kwenye armeabi-v7a, halafu toa faili upya. Litanenepa karibu mara mbili, kwa sababu sehemu kubwa ya uzito ule si mbuzi wako wala mawimbi yako, ni injini ya Godot yenyewe, na sasa inabebwa mara mbili. Kama bando linauma, toa mafaili mawili tofauti na uyaite kwa majina yanayoeleweka. Mimi ningetoa moja nene. Ukianza kumwuliza shangazi yako wa Newala simu yake ni ya biti ngapi, gemu imekwisha kabla haijaanza.

Wale wawili waliokuwa na toleo la kwanza shida yao ni nyingine. Nilikuuliza kwa meseji, ukanijibu kwamba lile la kwanza ulilitolea kwenye laptopu ya rafiki yako kabla hujanunua ya kwako. Nilipoisoma nikajikuta natikisa kichwa peke yangu dukani.

Kila APK lazima isainiwe, yaani ipigwe muhuri. Muhuri wenyewe ni faili dogo la siri linalokaa kwenye kompyuta ya mtengenezaji, na hata kama hukuutengeneza kwa mkono, Godot ilikutengenezea wa majaribio. Android haijui jina lako wala sura yako, inaujua muhuri tu. Toleo jipya likija na muhuri ule ule, linaingia juu ya la zamani na alama za mchezaji zinabaki. Likija na muhuri mwingine, simu inaona ni mtu baki anajifanya wewe, inafunga mlango. Umekulia kwenye korosho, kwa hiyo chukulia hivi: unapeleka gunia AMCOS (chama cha ushirika) ya kijijini kwako unapewa stakabadhi, halafu malipo unayafuata kwa stakabadhi yenye muhuri wa AMCOS ya kijiji cha pili. Korosho ni zako kweli, mwandiko ni ule ule, na karani anakurudisha.

Hili nalijua kwa machozi ya mtoto wa watu. Mwaka 2021 nilitengeneza gemu ya watoto, Okota Mabibo. Mabibo yanadondoka mkoroshoni, wewe unayakinga kwa ungo kabla kima hajayawahi. Ilisambaa mitaa ya Chuno na Shangani kwa Xender, programu ya kurushiana mafaili, simu kwa simu, nikawa najisikia mtu mkubwa. Mwaka uliofuata diski ya kompyuta yangu ikafa, na muhuri ulikuwa humo humo, peke yake duniani. Mimi huyu ambaye kila siku nawahubiria wateja wahamishe picha zao. Nikatoa toleo jipya kwa muhuri mpya, nikawaambia watu wafute la zamani kwanza, na ukifuta gemu alama nazo zinakwenda. Kesho yake binti wa nyumba ya jirani alikuja dukani na simu ya mama yake. Hakuniamkia. Aliiweka mezani, kioo juu, ngazi ya kwanza, alama sifuri. Alikuwa amefika ngazi ya 31. Mpaka leo akipita hapa na rafiki zake namsikia anasema, "Ndiye huyu."

Kwa hiyo fanya hivi usiku huu huu. Java uliyoiweka ili Godot itoe APK inakuja na kifaa kinaitwa keytool. Kitumie kutengeneza muhuri wako wa kudumu. Wewe ndiye unayekiambia muhuri uishi siku ngapi, wengi huandika 10,000, ambayo ni miaka 27 na ushei. Faili litakalotoka ni dogo kuliko picha ya pasipoti. Nakala moja iweke kwenye fleshi, nyingine ijitumie kwa barua pepe. Nywila yake iandike kwenye daftari lako la uwakala, ukurasa wa nyuma, kwa kalamu. Kwenye Godot uionyeshe faili hilo mahali pa muhuri wa toleo rasmi, na unapotoa gemu ondoa tiki ya majaribio. Usimpe mtu muhuri huo, na siku ukiamua kuweka kazi yako GitHub, mtandao ambako watu huonyeshana misimbo ya programu, hakikisha haujaingia humo na mafaili mengine.

Ungeweza pia kwenda kwa rafiki yako ukanakili muhuri wa majaribio ulioko kwenye laptopu yake, wale wawili wakapata toleo jipya bila kufuta kitu. Sikushauri. Mihuri ya majaribio nywila yake ni neno "android", dunia nzima inalijua, kwa hiyo yeyote atakayelipata faili lile anaweza kutoa gemu kwa jina lako. Wachezaji wako bado hawajafika 15. Waombe radhi, wafute, waanze upya leo. Wakifika 200 msamaha hautapatikana kirahisi.

Hapo hapo kwenye dirisha la Export rekebisha mambo mawili. Jina la kifurushi bado linaanza na com.example, ambalo ni jina la mfano. Lichagulie lako sasa na usilibadilishe tena, maana ukilibadilisha simu itaona ni gemu nyingine kabisa. La pili ni namba ya toleo: kila unapotoa faili jipya iongeze moja, kwa kuwa Android haikubali kurudishwa nyuma.

Kutuma hakuna ufundi mwingi. WhatsApp inabeba, tuma kama hati. Gmail usihangaike nayo, haipokei APK, inaizuia mlangoni. Mkikutana ana kwa ana tumieni Quick Share au Xender, hamtakula hata KB moja ya bando. Binamu zako wa Newala anaweza kupelekewa mmoja kwenye kadi ya memori, wengine wakachukua kwake.

Mpokeaji akilibonyeza faili, simu itamwambia kwamba haijaruhusiwa kusakinisha programu kutoka hapo. Tangu Android 8, iliyotoka 2017, ruhusa hii inatolewa kwa kila programu peke yake: unairuhusu WhatsApp, au unairuhusu programu ya mafaili. Simu za zamani zaidi zilikuwa na swichi moja ya kufungua kila kitu. Mwambie aruhusu, asakinishe, kisha arudi kwenye mipangilio aizime. Hilo la kuizima lisisitize. Wengi huiacha wazi, na ukishaiacha wazi WhatsApp, kila faili linalotupwa kwenye gurupu la ukoo limebakisha hatua moja tu kuingia. Huenda na Play Protect, mlinzi wa Google ndani ya simu, ikajitokeza ikitaka kuikagua programu. Iachwe ikague. Haina gharama na haina ubaya.

Nakuja kwa yule mama wa jirani. Nahodha, mama huyo ana haki zote na wewe wakala ulipaswa kuwa wa kwanza kumuunga mkono. Wezi wanatuma APK kweli. Wanazipa jina la kuvutia, mtu anasakinisha, programu inaomba kusoma meseji, na baada ya hapo kila namba ya uthibitisho inayoingia kwenye simu ile inasomwa na watu wawili. Wewe unakaa kibandani kutwa, umeshawaona watu wanavyolia. Usimwite mshamba.

Nenda kwake mchana, si usiku, na usiende kubishana. Mwombe mumtazame pamoja mtoto mwingine anayeicheza. Chukua simu, bonyeza alama ya Pantoni usiachie, ingia kwenye maelezo ya programu, ufungue ukurasa wa ruhusa. Panatakiwa pawe peupe: hakuna meseji, hakuna majina ya watu, hakuna kamera, hakuna mahali ulipo. Gemu ya kupanga mbuzi haina shughuli na vitu hivyo. Kwenye Godot orodha ya ruhusa ni ndefu, iache yote bila tiki. Kisha mwambie neno moja: toleo lolote la Pantoni ambalo halikutoka mkononi kwako asilipokee. Kama APK inavyofunguliwa na mimi kwa dakika mbili, inafunguliwa na mwingine pia, akaitia uchafu wake na kuifunga tena. Muhuri wako hatakuwa nao, lakini mtu ambaye hajawahi kuwa na gemu hiyo simu yake haina cha kulinganisha. Na akikataa hata baada ya hapo, mwache. Simu ni yake.

Mjomba wa iPhone. Huyu ndiye mgumu, maana Apple hawana njia ya dereva wa basi. Bila kulipa unaweza kuweka gemu yako kwenye iPhone kwa kutumia akaunti ya kawaida ya Apple, ila unahitaji kompyuta ya Mac yenye Xcode, programu ya Apple ya watengenezaji, na baada ya siku 7 gemu inakataa kufunguka hadi uiweke upya. Yaani kila Jumapili upande basi la Dar na Mac kwapani. Hata ile TestFlight watu wanayoisifu, njia ya Apple ya kujaribisha programu, ni ya waliokwisha kulipa dola 99. Utasikia pia kwamba Ulaya sasa wana maduka mengine ya iPhone. Ni kweli, tangu Machi 2024, kwa sheria ya Umoja wa Ulaya, lakini hayavuki bahari kuja kwa mjomba.

Mpe gemu kwenye kivinjari. Godot inatoa toleo la wavuti kutoka kazi ile ile. Hakikisha una Godot 4.3 au ya baadaye, kwani matoleo ya 4 yaliyotangulia yalikuwa yanasumbua sana kwenye Safari, na la 4.3, la Agosti 2024, lilileta namna ya kutoa gemu bila ule mzigo wa nyuzi nyingi, yaani kazi kadhaa kwenda kwa pamoja. Faili kuu liite index.html, vyote vifunge kwenye zipu, upakie itch.io, mtandao wa kuwekea gemu. Mtandao huo upo tangu 2013, kufungua akaunti ni bure na kuweka gemu ni bure. Kwenye bei chagua kwamba hakuna malipo. Kama hutaki dunia nzima iione, iwekee nywila uwape wenzako tu. Na faili lako la Android liweke ukurasa huo huo, upate sehemu moja ya kuwaelekeza watu wote.

Mjomba akishaifungua kwenye Safari abonyeze alama ya kushiriki, achague kuiongeza kwenye skrini ya mwanzo. Itakaa pamoja na programu zake nyingine kama mwenyeji. Atakupigia kwamba mbuzi halii. Vivinjari haviruhusu sauti mpaka mtu aguse kioo kwanza, kwa hiyo weka kitufe cha "Gusa kuanza" kabla ya pantoni kuondoka. Akishagusa na bado kimya, aangalie simu haijawekwa kimya. Mwonye pia kuhusu alama zake: akiichezea ndani ya Safari na akakaa siku 7 anaitumia Safari bila kuifungua gemu, Safari yenyewe inaweza kuzifagia. Mwambie tu acheze mara kwa mara. Wajomba wanapenda kuambiwa hivyo.

Kuna habari moja usipitwe nayo, usije ukasema Fundi alinidanganya. Agosti 2025 Google walitangaza kwamba simu za Android zilizothibitishwa nao zitaanza kutaka programu zitoke kwa mtengenezaji aliyejitambulisha kwao, hata zile zisizopita Play Store. Ratiba waliyoitoa ni Septemba 2026 kwa Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, kisha nchi nyingine kuanzia 2027. Watu kama wewe walipiga kelele. Google walichoahidi ni aina ya akaunti ya bure kwa wanafunzi na wanaotengeneza kwa kujifurahisha, isiyodai kitambulisho cha serikali, yenye kikomo cha idadi ya simu. Novemba 2025 wakaongeza kwamba wataweka njia ya kusakinisha programu za wasiojitambulisha, kwa wanaojua wanachofanya na wanaokubali hatari yake. Kusakinisha kwa waya kutoka kwenye kompyuta kunabaki. Kwangu mimi hii ni sababu nyingine ya kuwa na lile toleo la wavuti tangu sasa, kwa sababu kivinjari hakijaguswa na mambo hayo.

F-Droid uliniuliza kwenye meseji. Ni duka la Android la bure kabisa, tangu 2010, halichukui senti. Sharti lake ni kwamba msimbo wako wote uwe wazi chini ya leseni huria, maana wao wenyewe ndio wanaojenga faili kutoka kwenye msimbo huo. Kama huoni shida watu waone ulivyompanga mbuzi, karibu huko. Hata hivyo kwa watu wasiofika 15 wa Mikindani na Newala ni safari ndefu ya bure.

Na nimeicheza. Safari ya sita nimekwama. Mbuzi wawili wakisimama nyuma ya bodaboda chombo kinalala kulia hata kama kushoto kuna magunia manne. Sidhani kama ulikusudia. Angalia uzito uliompa mbuzi, nahisi umeandika sifuri moja ya ziada.

*Fundi, mimi niko Lindi, natengeneza gemu ya yule mjusi mkubwa wa Tendaguru anayekula watu. Nimeweka wimbo wa msanii wa Bongo Fleva ninayempenda. Siuzi, ni bure tu. Kuna tatizo?*

Lipo, kaka. Kutouza hakukupi haki ya kazi ya mtu. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mwenye wimbo hata kama wewe hukupata shilingi, na itch.io au Play Store wakipelekewa malalamiko wataishusha gemu yako nzima, si wimbo peke yake. Mwandikie msanii umwombe ruhusa ya maandishi. Wachanga wengi wanakubali kwa furaha. Au mtafute kijana wa mtaani anayepiga ngoma vizuri, umrekodi kwa simu chini ya mwembe pasipo na upepo, na mwandikishane kwamba amekubali.

Halafu mjusi wako. Yule aliyechimbwa Tendaguru kati ya 1909 na 1913 na kusimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, mwenye urefu wa mita 13 na ushei kwenda juu, alikuwa anakula majani. Watu hawakuwepo hata wa kuliwa. Mpe minazi ya Lindi aimalize, itachekesha zaidi.

*Mheshimiwa Fundi, mimi ni mwalimu wilaya ya Masasi. Mwanafunzi wangu ametengeneza gemu ya kujumlisha na kutoa. Tuna kompyuta nane za Windows, hazina intaneti. Tunahitaji kulipia chochote ili ziicheze?*

Hapana, Mwalimu. Atoe toleo la Windows badala ya la Android, mlinakili kwa fleshi kompyuta moja baada ya nyingine. Windows inaweza kuweka onyo la rangi ya bluu kwamba mtengenezaji hajulikani. Bonyeza maelezo zaidi, kisha uendelee. Kuliondoa onyo hilo rasmi kunahitaji cheti cha kununua, na kwa kompyuta nane msikinunue.

Fleshi yenyewe naihofia kuliko gemu. Ikitoka kwenye kompyuta ya steshenari ya mjini itawaletea virusi kabla ya kujumlisha. Nunua mpya, iandike kwa kalamu ya wino mzito jina la gemu, na isichomekwe popote pengine. Ukipita Mtwara mjini njoo nayo, nitaikagua bure.